Mtumwa mtoro na mkono wa Washington

Wapo wanaoeleza Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, kuwa vilipiganwa kwa ajili ya haki za majimbo: Kusini ilitaka kujiamulia mambo yake, serikali ya shirikisho ikakataa. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Mwaka 1832 South Carolina ilitangaza kuwa ushuru wa forodha wa shirikisho ni batili ndani ya mipaka yake, na Rais Andrew Jackson akatishia kutumia jeshi. Lakini anayetaka kujua nani aliitegemea serikali kuu na nani aliikwepa, afuatilie habari za watumwa watoro.

Katiba ya 1787 iliagiza kwamba mtumwa akitorokea jimbo jingine arudishwe kwa aliyemmiliki, ila haikutaja wa kumrudisha. Mwaka 1842, katika kesi ya Prigg dhidi ya Pennsylvania, Mahakama ya Juu ilisema kazi hiyo ni ya shirikisho. Majimbo ya Kaskazini yakaona mwanya humo: ikiwa kazi ni ya shirikisho, wao hawalazimiki kusaidia. Mwaka uliofuata Massachusetts iliwakataza maofisa wake kushiriki, na jela zake zisitumike.

Kusini ikadai sheria kali zaidi, ikaipata mwaka 1850. Aliyetuhumiwa kuwa mtoro hakuruhusiwa kutoa ushahidi wake mwenyewe. Kamishna aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, dola 5 akimwachia. Watetezi wa sheria hiyo walidai tofauti hiyo ni ya kazi ya makaratasi, na msomaji na apime mwenyewe. Raia yeyote aliweza kuamriwa asaidie kukamata, na aliyemficha mtoro alikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Haya yote yalidaiwa na walewale waliohubiri kwamba Washington isiingilie mambo ya majimbo.

Joshua Glover alitoroka Missouri akaenda kufanya kazi Racine, Wisconsin. Machi 1854 alikamatwa na kuwekwa jela Milwaukee. Umati ukavunja mlango, naye akafika Kanada. Mhariri wa gazeti, Sherman Booth, alishtakiwa kwa kusaidia utoro huo, lakini Mahakama ya Juu ya Wisconsin ilimwachia na kutamka kuwa sheria ya 1850 inakiuka Katiba. Mwaka 1859 Mahakama ya Juu ya Marekani, chini ya Jaji Mkuu Roger Taney, ilitengua uamuzi huo. Bunge la Wisconsin likapitisha azimio la kupinga, likitumia hoja ambazo Thomas Jefferson aliziandikia Kentucky mwaka 1798. Sasa jimbo la Kaskazini lilikuwa likizungumza kama South Carolina ya 1832, na Kusini ikishangilia nguvu za mahakama ya shirikisho.

Kaskazini nayo haikuwa kambi ya malaika. Viwanda vya Massachusetts vilisokota pamba iliyochumwa na watumwa, na wafanyabiashara wa Salem waliuza nguo yake, merekani, hadi Unguja. Wenye mali wengi walitaka ugomvi juu ya utumwa uzimwe, biashara iendelee. Hata kutoka Boston, mwaka 1854, mtoro Anthony Burns alirudishwa Virginia akisindikizwa na askari huku maelfu ya watu wakizomea barabarani.

South Carolina ilipojitoa katika Muungano Desemba 1860, lalamiko kuu la tamko lake halikuwa kwamba Washington ina nguvu kupita kiasi juu ya majimbo. Lilitaja majimbo ya Kaskazini kwa majina, Wisconsin ikiwemo, likiyashutumu kwa kutunga sheria za kukwamisha urejeshaji wa watoro. Na katiba ambayo waasi wa Kusini waliiandika Montgomery, Alabama, mwaka 1861 ilimhakikishia kila raia haki ya kuingia na watumwa wake katika jimbo lolote la shirikisho lao jipya, bila haki yake ya umiliki kuguswa na jimbo hilo.