Mashindano kama Ngazi ya Kufikia Kilele cha Siha

Wahenga walinena kwamba mpanda ngazi hushuka. Makala haya yanadhamiria kuonyesha jinsi methali hii inavyomhusu mkimbiaji wa mbio ndefu, ambaye ngazi yake ni mashindano yenyewe.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa sekondari huko Jego, karibu na Vanga, kusini mwa Kwale. Ili afike mbio za kitaifa za shule, hana budi kufuzu kwanza katika zoni, kisha kaunti ndogo, kaunti na kanda. Wengi huviona vidato hivi kuwa vizuizi. Ukweli ni kwamba ni sehemu ya mazoezi. Akikimbia peke yake, ni nadra mtu kujisukuma hadi kikomo chake. Akiwa na mshindani begani, kasi na mapigo ya moyo hupanda, nayo misuli huzoea kufanya kazi ikiwa imechoka. Aidha, hujifunza kugawa nguvu zake na kuchagua wakati wa kuchomoka.

Hata hivyo, mashindano hayajengi juu ya utupu. Arthur Lydiard, kocha mashuhuri wa New Zealand, aliwatanguliza wanariadha wake katika miezi mingi ya mbio za masafa marefu, kisha milima, kisha kasi. Mashindano madogo yalikuja mwishoni kuwanoa. Nchini Kenya, mbio za nyika zimewafaa wengi kwa namna hiyo. Eliud Kipchoge alishinda mbio za nyika za dunia za vijana nchini Uswisi mwezi Machi 2003. Agosti mwaka uo huo akatwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris.

Shindano pia hupima mahali. Tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilifanyika Mombasa. Katika joto kali na unyevu wa pwani, Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa bingwa mfululizo tangu 2002, alishindwa kumaliza. Zersenay Tadese wa Eritrea akaibuka mshindi. Mkimbiaji wa Jego aliyelizoea joto hilo hukabiliwa na kinyume chake anapoitwa kushindana kwenye nyanda za juu zenye hewa nyepesi. Heri akutane na hali hiyo mapema, katika mbio zisizo na uzito mkubwa.

Hapa ndipo methali inaporejea. Kilele cha siha hudumu kwa majuma machache tu. Anayemwaga nguvu zake zote katika zoni hufika taifani akiwa ameanza kushuka. Kwa hiyo, kila shindano la awali lipewe lengo moja, mathalani kuanza kwa utulivu au kumaliza kwa kasi, na lifuatwe na siku kadhaa za mbio nyepesi. Mwalimu asimlaumu mwanafunzi aliyefuzu akiwa wa tatu badala ya wa kwanza. Huenda ndiye aliyejua ngazi yake ina vidato vingapi.