Pedi za breki za baiskeli: bei ya dukani si gharama ya mwaka

Maduka ya spea ya kaunti za Migori na Homa Bay huishi kwa pikipiki. Tangu serikali ya Kenya ilipoondoa ushuru wa pikipiki zisizozidi cc 250, mwishoni mwa miaka ya 2000, bodaboda ndiyo inayoamua kinachopangwa rafuni. Mbele kabisa hukaa breki shuu za Boxer na TVS, kwa kuwa pikipiki nyingi za aina hizo hutumia breki za drumu. Pedi za diski za baiskeli hubanwa pembeni, tena bila mpangilio wa aina.

Kwa mwendeshaji wa baiskeli ya Black Mamba hilo si tatizo. Breki zake ni vyuma virefu vinavyobana raba kwenye ringi, na fundi yeyote wa chini ya mti huzirekebisha. Baiskeli za gia zenye diski ni habari nyingine. Raba ya Black Mamba hutafutwa kwa kukadiria, lakini pedi ya diski isipolingana na kalipa, yaani kifaa kinachoibana kwenye diski, haiingii, au inaingia na kugusa nusu tu.

Ndiyo maana umbo ndilo swali la kwanza dukani. Kwa mfano, kalipa nyingi za bei nafuu za Shimano hutumia pedi za B01S, ambazo sasa nafasi yao imechukuliwa na B05S. Kalipa za kampuni nyingine zina maumbo yao, zikiwemo za duara. Asiyejua jina la kalipa yake afungue pedi kuukuu aende nayo kaunta.

Swali la pili ni kile kilichotumika kutengeneza pedi. Za resini hushika vizuri zikiwa baridi, hazipigi kelele na huwa nafuu, ila tope huzila upesi na joto la mteremko mrefu huzifanya ziteleze. Za metali, zinazotokana na unga wa metali uliogandamizwa kwa joto kali, hudumu zaidi na hustahimili maji na joto, lakini hupiga kelele na hugharimu zaidi. Kati yao kuna za mchanganyiko.

Katika kaunti hizi, jibu hutegemea njia. Anayezunguka mjini Migori au Rongo juu ya lami hana sababu ya kulipia metali. Anayeshuka milima ya Gwassi akiwa na mzigo, au anayepita njia za udongo za Nyatike wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, atamaliza resini mapema mno. Hata hivyo, kabla ya kununua metali aangalie diski yenyewe. Diski nyingi za bei ya chini huandikwa kuwa ni za pedi za resini pekee, na metali huzila kabla ya wakati. Diski mpya ni ghali kuliko pedi.

Hesabu ifanywe kwa mwaka. Tuseme pedi ya shilingi 300 inaisha kwa miezi 2, na ya shilingi 700 inafika miezi 6. Ya kwanza itakula shilingi 1,800 kwa mwaka, ya pili 1,400, bila kuhesabu malipo ya fundi wala siku ambazo baiskeli imelala. Rahisi ni ghali.

Hata pedi bora huharibiwa na matunzo mabaya. Mafuta ya mnyororo yakigusa diski, pedi huyanyonya na kupoteza nguvu, na mara nyingi dawa ni kununua nyingine. Diski isafishwe kwa spiriti. Pedi mpya zizoeshwe kwanza, kwa kupunguza mwendo mara 20 hivi bila kufunga gurudumu. Shimano hushauri kubadilisha pedi pale unene wa tabaka la msuguano unapobaki milimita 0.5. Anayengoja kusikia chuma kikikwaruza chuma amekwisha kuumiza diski.

Kwa wenye maduka, hii ni nafasi. Si lazima kujaza kabati. Maumbo machache yanayouzika, kila moja kwa resini na metali, pamoja na orodha ya kalipa ukutani, yatatosha kwa kuanzia. Bidhaa zinazoagizwa kutoka nje zinatakiwa kuwa na kibandiko cha ubora wa uagizaji cha Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, na mnunuzi ana haki ya kukiuliza pamoja na risiti.

Mnunuzi naye asianze na bei. Aulize umbo, kisha aina, kisha shilingi. Muuzaji asiyeweza kujibu mawili ya kwanza hajastahili kulipwa la tatu.