Inveta ya milango mingi: umeme unapotelea wapi?

Umeme wa REGIDESO ukikatika pale Jabe, jijini Bujumbura, kinyozi na mchaji simu hawezi tena kutegemea jenereta. Mafuta yamekuwa adimu miaka ya karibuni, kwa hiyo macho yote yapo kwenye sola. Bidhaa inayoulizwa sana ni inveta ya milango mingi, yaani boksi moja lenye mlango wa paneli, wa betri, wa umeme wa ukutani, na wa kutolea umeme kwenda kwenye vifaa. Wafanyabiashara wanaovuka Gatumba kwenda Uvira, au Mugina kwenda Kigoma, wanayaona maboksi haya yakiwa yameandikwa ubavuni "ufanisi asilimia 95". Ndugu mfanyabiashara, ukiuza kwa namba hiyo peke yake, mteja atarudi na maneno.

Sisi tuliosoma kambini Mtabila tulizoea redio ya betri kavu. Umeme ulitoka kwenye betri ukaingia kwenye redio, basi. Ndani ya inveta mambo ni mengine. Kuna transista zinazojifunga na kujifungua maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mara umeme kidogo hugeuka joto. Koili nazo hupata moto. Ndiyo maana nyuma pana feni, na feni yenyewe inakula umeme.

Hasara hizo huzidishana. Ukipanga vifaa vitatu mfululizo, kila kimoja kikipitisha asilimia 90, wati 100 zinakuwa 90, kisha 81, kisha 73. Hapo ndipo boksi la milango mingi lina faida ya kweli: mchana jua linaweza kwenda moja kwa moja kwenye mashine ya kunyolea bila kuzungushwa kwenye betri. Betri ya risasi peke yake inaweza kumeza karibu moja ya tano ya kile ulichoiwekea.

Lakini asilimia 95 ni ya njia ipi? Kutoka kwenye paneli hadi kwenye betri ni njia moja, kutoka kwenye betri hadi kwenye soketi ni nyingine, na hazilingani. Tena namba inayoandikwa huwa ile iliyo nzuri kuliko zote, iliyopimwa boksi likiwa na mzigo wa kutosha. Likibeba taa mbili tu, ufanisi huporomoka.

Kinachoumiza zaidi, kwa maoni yangu, hakiandikwi hata ubavuni: umeme unaoliwa na boksi lenyewe likiwa limewashwa bila kazi. Chukulia kinyozi mwenye betri ya volti 12, ampea-saa 100. Hiyo ni wati-saa 1,200, lakini betri ya risasi isiyotakiwa kuharibika mapema hutumiwa nusu tu, yaani 600. Ameshawishiwa kununua inveta kubwa ya wati 3,000, inayokula wati 40 ikiwa imekaa tu. Kwa saa 10 zimekwenda wati-saa 400, kabla hajanyoa kichwa hata kimoja! Inveta ndogo ya wati 500, inayokula wati 8, ingemmalizia 80. Na huenda pesa ya ile kubwa ni ya mkopo.

Jambo hili linapimika dukani kabla ya kulipa. Washa inveta bila kuchomeka chochote, kisha fundi abane waya wa betri kwa mita inayosoma ampea za betri. Zidisha ampea kwa volti: ampea 3 kwa volti 12 ni wati 36.

Angalia na waya wenyewe. Kupeleka wati 300 kwa volti 12 kunahitaji ampea 25. Kwa volti 24 ni ampea 12.5, na joto linalopotea kwenye waya uleule linashuka hadi robo. Mwenye betri mbili za volti 12 zinazofanana aziunge mfululizo zitoe volti 24, mradi inveta anayonunua ni ya volti hizo.