Aliyemleta ni Nani?

Daftari lenyewe ni kaunta buku la kwaya tatu, jalada limechanika na kugangwa kwa solotepu. Kila ukurasa umepigwa rula ukagawanywa safu sita: jina, simu, idadi ya doti, halafu safu iliyonikwamisha nikisubiri chenji yangu, kisha siku ya kulipa na kilicholipwa. Juu ya hiyo safu ya nne pameandikwa neno moja kwa kalamu nyekundu: "Aliyemleta."

Mwenye daftari anauza vitenge kwa jumla Kariakoo, upande wa Mtaa wa Kongo. Ana shahada ya kwanza ya usimamizi wa biashara. Ameomba jina lake lisitoke gazetini kwa sababu moja tu: wadaiwa wake nao wanasoma magazeti.

Mali kauli haihitaji maelezo kwa aliyewahi kufanya biashara Dar es Salaam. Unachukua mzigo, unataja siku, unaondoka. Mimi nilitaka kujua kama kuna mhadhiri aliyewahi kumfundisha jambo hilo.

"Semista sita, kaka yangu, sikulisikia hata mara moja," anasema. "Tulisoma uhasibu, masoko, sheria ya biashara, rasilimali watu. Kwenye mikopo tukakariri mambo matano ya kumpimia mkopaji: tabia, uwezo, mtaji, dhamana, mazingira. Uwezo una mahesabu yake, mtaji una mizania, dhamana ina hati. Tabia tuliiandika tu kwenye karatasi ya mtihani, tukapata maksi, tukavuka."

Safu ya nne ndiyo kipimo chake cha tabia. Mteja mpya hapewi mzigo kwa sura wala kwa kitambulisho. Anapewa kwa jina la mtu aliyekuja naye. Aliyemleta hasaini popote. Lakini mgeni akichelewa, simu ya kwanza haiendi kwake, inakwenda kwa aliyemleta, na kabla jua halijazama huyo ameshapita dukani kueleza. Asipokuja, jina lake linapigwa mstari na hataleta mtu mwingine tena. Nilifunua kurasa chache (kwa ruhusa, huku amekaza kidole kuficha namba za simu) nikaona majina yaleyale machache yakijirudia katika safu ile: wakongwe wa mtaa ambao wengine hawana deni dukani kwake, ila kauli yao inatembea.

Mgeni huanza na doti tano kwa wiki moja. Akilipa, kumi. Hapo nilidhani nimeelewa, mpaka akanionyesha jina lenye nukta pembeni.

"Huyu alilipa siku ya tatu wakati alikuwa na wiki nzima. Mara ya pili vilevile, mara ya tatu akaomba mzigo mara sita ya ule wa kwanza. Darasani huyo ni mteja bora. Hapa mtu wa hivyo namwekea nukta. Mwuzaji wa kweli anachelewa kidogo, maana mvua imenyesha, mtoto ameugua, wateja wake nao wamechelewa. Anayelipa haraka bila kuuza, hela kaitoa wapi? Anakununua wewe. Ukimpa mzigo mkubwa anazima simu."

Alimnyima. Hajui mpaka leo kama alimkwepa tapeli au alimfukuza mchapakazi.

Elimu hii ya darasani ina asili yake. Frederick Taylor aliandika kitabu chake cha usimamizi mwaka 1911 kutokana na viwanda vya chuma vya Marekani; Henri Fayol, aliyefuata mwaka 1916, alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya migodi Ufaransa. Kwetu Chuo cha Elimu ya Biashara kipo tangu 1965, na kitivo cha biashara pale Mlimani kilianza 1979, mwaka uleule Michael Porter alipochapisha nguvu zake tano za ushindani ambazo kila mwanafunzi wa fani hii anazichora. Wote hao walikuwa wakitazama kampuni yenye ofisi, mishahara na hesabu zilizokaguliwa. Kariakoo hawakuitazama, na sioni kwa nini tuwalaumu wao.

Mwenyewe hataki kusikia kwamba shahada haina maana. Ni shahada, anasema, iliyomfanya atenganishe pesa ya duka na ya nyumbani, mpaka ndugu zake wakamwita bahili. Kila mwisho wa mwezi anapanga madeni kwa umri: ya siku thelathini, ya sitini, ya tisini. Majirani zake wazoefu wanajua nani anadaiwa; hawajui mzigo ulioko nje umeshauzidi ulioko dukani. Yeye anajua, na ndiyo maana kuna miezi anakataa hata anaowaamini. Kisha anacheka: "Na mimi ni mdaiwa, kaka. Bodi ya Mikopo."

Kuna jambo moja ambalo wala darasa wala mtaa haujamjibu. Soko Kuu lilipoungua Julai 10, 2021, alianza kujiuliza: mzigo wa mali kauli ukiteketea mikononi mwa aliyeuchukua, hasara ni ya nani? Sheria ya mikataba haikatai makubaliano ya mdomo, lakini mzigo huo umeshauzwa, au bado ni wake yeye aliyeutoa? Na aliyemleta anaingia wapi? Alimpigia mhadhiri wake wa zamani. Akaambiwa inategemea.

Kila mwaka vyuo hupeleka wanafunzi wa biashara kwenye mafunzo kwa vitendo, na wengi huishia benki, halmashauri na mashirika ya umma, wakipanga mafaili. Wahadhiri, wapangieni wachache Kariakoo, na maswali haya muwape kama mada za utafiti wa mwaka wa tatu. Dada huyu yuko tayari kupokea wawili, waje wakati wowote isipokuwa Desemba.