Khadzonzo Asiyejulikana Kwao

Hapa Kaloleni paka shume haalikwi. Huingia jikoni magharibi, akajisugua miguuni mwa mpishi, akala kichwa cha samaki, kisha akatoweka bila ya kuaga. Pwani hii yumo mmoja mwenye manyoya mfano wa gome la mti, na Wagiriama, kwa sababu hiyo hiyo, wakamwita khadzonzo. Mwaka 1978 Jeni Slater alikuta vitoto vyake karibu na Watamu. Baadaye kizazi chao kilifika Denmark, kikaandikiwa nasaba na kuitwa Sokoke. Jina la msitu wetu silikatai. Linaloniuma ni wanafunzi wangu, wana wa pwani hii hii: Sokoke wanamjua, khadzonzo huniuliza ni mdudu gani.