Jasho na Uzito wa Mwili

Alfajiri katika mwalo wa Mugango, wavuvi wa dagaa waliokesha na taa zao katika giza la Ziwa Viktoria wanaporudi ufukoni, ilhali wanawake wamekwisha kujitwika ndoo na majembe, ni vigumu kwa mtazamaji kutoamini kwamba watu hawa hutumia nguvu maradufu ya karani wa Musoma anayekaa kitini tangu asubuhi hadi alasiri. Dhana hiyo ni kongwe, na mabingwa wengi wa elimu ya siha waliishika, wakasema kwamba unene umeenea duniani kwa sababu binadamu ameacha kutoka jasho. Kipimo kilichofanywa hapa hapa Tanzania, ng'ambo ya mbuga ya Serengeti, kimeitia shaka kubwa.

Kando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao hadi leo hutafuta riziki kwa upinde na mshale, kwa asali, kwa ubuyu na kwa mizizi ya porini. Mtaalamu wa Marekani, Herman Pontzer, pamoja na wenzake, waliwapa watu wazima 30 maji maalumu ya kunywa, yasiyo na madhara, ambayo haidrojeni na oksijeni zake ni nzito kuliko za kawaida. Kisha kwa siku kadhaa wakapima mkojo wao. Haidrojeni ile hutoka mwilini kwa njia ya maji peke yake, ilhali oksijeni hutoka pia pamoja na hewa ya kaboni tunayoipumua. Na kwa kulinganisha kasi ya moja na ya nyingine, hujulikana kiasi cha nguvu kilichotumika, pasipo kutegemea kumbukumbu ya mtu juu ya alichokula.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2012, na yalistaajabisha. Wanaume, waliokuwa wakitembea takriban kilomita 11 kwa siku, walitumia kama kalori 2,600, na wanawake kama 1,900. Na ukubwa wa mwili ulipotiwa katika hesabu, hapakuonekana tofauti baina yao na watu wa Marekani na Ulaya waendao kazini kwa motokaa.

Kwa maelezo ya Pontzer, mwili huishi kama mwenye nyumba ambaye kipato chake hakiongezeki: akilipa ada ya shule, hubana penginepo. Sehemu kubwa ya nguvu zetu haiendi katika kulima wala kupiga kasia, bali katika kazi za ndani zisizokoma hata usingizini, za moyo, ini, figo na ubongo. Na mwili uliozoea kazi ngumu huelekea kuyapunguza baadhi ya matumizi hayo. Kadiri ya upunguzaji huo bado inajadiliwa.

Wala umri si kisingizio kama tulivyozoea kusema. Mwaka 2021 vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29 vilionyesha kwamba, kwa kulinganisha na ukubwa wa mwili, matumizi ya nguvu hayabadiliki tangu miaka 20 hadi 60. Kitambi cha mtu wa miaka 40, basi, hakiletwi na mwili uliochoka.

Kilo moja ya shahamu hubeba kalori zipatazo 7,700. Mwendo wa saa nzima kwa miguu huunguza kama 200, na chupa moja ya soda ya nusu lita hurudisha kiasi hichohicho kwa dakika chache. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba kutembea kuna thamani kubwa, kwani shinikizo la damu ni nadra miongoni mwa Wahadzabe. Lakini anayetaka kupungua na aanzie kwenye soda, sukari ya chai na mafuta ya kukaangia, awaache dagaa na mboga mahali pao.

Tena asijitese kwa njaa. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 kwa majuma 24. Walipoteza kama robo ya uzito wao, lakini nguvu iliyotumiwa na miili yao katika mapumziko ilishuka kwa takriban asilimia 40. Na wale walioendelea kupimwa baada ya kuachiwa kula watakavyo, walirudisha shahamu kupita ile waliyoanza nayo.