Tangazo la Janga Halina Ngwee Ndani Yake

Swali linalorudiwa mno kwenye mwambao wa Ziwa Mweru ni hili: Rais alishatangaza janga, mbona fedha hazijafika Nchelenge? Nalijibu, nikitumaini ni mara ya mwisho. Tarehe 29 Februari 2024 Rais wa Zambia, Hakainde Hichilema, alitangaza ukame kuwa janga la taifa katika wilaya 84 kati ya 116. Mikoa ya Luapula (ilimo Nchelenge), Kaskazini na Muchinga ilikuwa imepata mvua, ikabaki nje. Basi watu wakahitimisha kwamba waliomo kwenye orodha wamelipwa na wasiomo wamenyimwa. Yote mawili ni uzushi. Sheria ya Usimamizi wa Majanga ya 2010 inampa Rais uwezo wa kutangaza. Tangazo huamsha idara na kuwaita wafadhili, lakini halitoi hata ngwee moja, senti ya kwacha, kutoka hazina. Fedha za umma hutoka kwa idhini ya kisheria, na mwenye kuipitisha sheria hiyo ni Bunge. Ndiyo maana Juni mwaka huohuo Waziri wa Fedha, Situmbeko Musokotwane, alipeleka Bungeni bajeti ya nyongeza ya kwacha bilioni 41.9, karibu robo ya bajeti ya mwaka iliyokuwa bilioni 177.9. Wanaoisifu au kuilaani kama “fedha za ukame” hawajaifungua: mna malipo ya madeni pia, na mgawo hufuata mafungu ya wizara, si majina ya wilaya. Kwa hiyo zahanati ya Nchelenge hutazama fungu la afya, iwe wilaya imo kwenye orodha au haimo.

Wapo watakaosema mwenye njaa hangoji wabunge wamalize hotuba. Ni kweli, na toka Februari hadi Juni ni muda mrefu kwa sufuria tupu. Lakini dawa yake si kulikwepa Bunge. Kenya imeiandika njia ya mkato katika kifungu cha 223 cha Katiba: Serikali inaweza kutumia kabla ya idhini, isizidi asilimia 10 ya fedha zilizoidhinishwa mwaka huo, kisha iombe idhini ndani ya miezi miwili tangu fedha za kwanza zitoke. Haraka ipo, na hesabu ipo. Anayetaka kujua dharura isiyobanwa huzaa nini asome ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Zambia kuhusu fedha za UVIKO-19 hadi Julai 2020. Kasoro za ununuzi zimejaa humo. Wengine hudai Luapula haihusiki na ukame huo kwa kuwa ilinyeshewa. Upuuzi. Maji ya Bwawa la Kariba yalipopungua mno, mgao wa umeme ulienea nchi nzima, na bei ya unga haiulizi mvua ilinyesha wapi.

La kufanya ni fupi. Mahitaji yaandikwe na kamati ya maafa ya jamii, yapelekwe kwenye kamati ya wilaya, nakala ibaki kijijini. Madogo yaombewe Mfuko wa Maendeleo wa Jimbo. Halmashauri ndiyo mlango. Makubwa yamfikie mbunge kabla muswada wa bajeti haujapigiwa kura, maana baada ya hapo anaweza kulalamika tu. Kitabu cha makadirio kisomwe fungu kwa fungu. Na mbunge akirudi Kashikishi, wilayani Nchelenge, asiulizwe tena kuhusu tangazo. Aulizwe: fungu lipi, kwacha ngapi, zimetolewa lini?